Jumamosi ya Kufua

Mama alipokuja kukaa kwangu Tunduma, kitu cha kwanza alichouliza ni kama bafu lina komeo. Hakuuliza maji hutoka saa ngapi, hakuuliza majirani ni watu wa aina gani. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa shangazi kaja, vumbi la malori limemkaa kwenye nyusi, akauliza komeo.

"Lipo, mama."

"La ndani?"

"La ndani."

Akaenda kulijaribu mwenyewe. Nilimsikia akilifunga na kulifungua mara tatu, kisha akarudi sebuleni, akakaa, ndipo akakubali chai.

Nilicheka peke yangu jikoni. Mama ninayemfahamu mimi hakuwa mtu wa makomeo. Kwetu Ikinga, kule kwenye vilima vya Ileje, bafu letu lilikuwa kipande cha uwanja nyuma ya nyumba kilichozungushiwa mabua ya mahindi, na nusu ya mabua yenyewe ilikuwa imeshaliwa na mbuzi wa jirani. Mama alioga humo mchana kweupe. Mtu akipita njiani, mama ndiye aliyeanza kumsalimia, tena kwa sauti. Alimuuliza habari za mgonjwa, za shamba, za binti aliyeolewa mbali, huku akijisugua miguu kwa jiwe. Nilikua nikiamini kwamba wanawake wote duniani huoga wakipiga soga na wapita njia. Nilipokuja kugundua kuwa sivyo, niliwaonea huruma hao wengine.

Niseme kazi yangu, maana bila hiyo mambo mengine hayataeleweka. Nafundisha yoga. Ndiyo, Tunduma. Watu hucheka wakisikia, na mimi nimechoka kuwaeleza. Mji huu wa mpakani umejaa migongo mibovu. Wapo madereva waliokaa siku kadhaa kwenye foleni ya malori wakisubiri kuvukia Nakonde, upande wa Zambia, wapo mawakala wa forodha wanaoinamia makaratasi, wapo kina mama wanaobadilisha fedha, wamekalia viti vya plastiki toka asubuhi mpaka jua linazama. Hao wote wana migongo, na migongo hiyo inanipa ugali. Nimepanga chumba kilichokuwa stoo ya saruji. Nilikipiga rangi, nikatandika mikeka, lakini hadi leo mwanafunzi akilala kifudifudi akavuta pumzi kwa bidii huinuka na pua ya kijivu.

Hii kazi sikuisomea popote. Nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu nilikuwa natandika vitanda kwenye nyumba ya wageni Mbeya. Akaja mgeni mmoja, mama wa Kihindi aliyefuatana na mumewe kwenye biashara ya mbegu. Kila asubuhi alitandika shuka barazani na kufanya mambo yake. Siku ya kwanza nilisimama na ufagio mkononi, nikamkodolea macho bila adabu. Akasimama kwa mguu mmoja, mikono juu. Nikajua kinachofuata. Akainama, viganja chini, kiuno juu. Nikajua kinachofuata. Akalala kwa tumbo akainua kifua. Hapo nikaangua kicheko. Aliniuliza nacheka nini, nikamwambia, "Hiyo ni michezo ya mama yangu."

Hakuniamini mpaka nilipoweka ufagio chini nikamwonyesha. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita asubuhi, akanirekebisha magoti, akanifundisha kupumua. Alipoondoka aliniachia kitabu chenye picha. Mengine nimeyapata kwenye simu, kama watu wote siku hizi. Lakini msingi ulikuwa wa mama, na msingi wenyewe ulikuwa hivi.

Jumamosi mama hakwenda shamba. Alifua. Baba alikuwa amevuka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia nikiwa bado tumboni, na huko akapotelea, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili. Mama akishafua tulirudi ndani, akafunga mlango, akachochea moto, na tukakaa hivyo hivyo mpaka jioni, mimi na yeye, bila nguo. Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama alisema Jumamosi ni siku ya wanyama, na mnyama havai. Basi tulikuwa wanyama. Tulikuwa korongo, tukasimama mguu mmoja, na atakayeshusha wa pili kwanza ameshindwa. Tulikuwa vyura, tulikuwa mbuzi anayejinyoosha, tulikuwa nyoka anayeota jua. Mama alikuwa mshindani mbaya, hakunionea huruma kwa kuwa mimi ni mtoto. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukichoka tuliingia wote wawili kwenye blanketi letu, akanisimulia habari za sungura mpaka nikalala. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nimeshaolewa mara moja na kuachika mara moja, kwa hiyo nimetafuta.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyojijua. Nilikuwa binti wa mwanamke huru. Mwili kwangu ulikuwa mwili tu, kama sufuria ilivyo sufuria. Nikaishi hivyo. Asubuhi, nyumbani kwangu, nafunga pazia na kufanya mazoezi kama nilivyozaliwa, sioni ajabu yoyote. Kina mama watatu wa kanisani waliwahi kunitembelea kwa ajili hiyo. Walikunywa soda, wakazunguka mbuyu kwa muda mrefu, mwishowe mmoja akauliza kwa upole kama ni kweli nafanya mazoezi bila nguo. Nikasema ni kweli, nyumbani kwangu, pazia likiwa limefungwa, na je, wao waliniona kupitia wapi? Wakamaliza soda zao.

Darasani nilikuwa na somo la wanawake peke yao. Mwanamke wa hapa akija kwangu mara ya kwanza huwa amevaa suruali ya mazoezi, juu yake sketi, juu ya sketi kitenge, na juu ya vyote amekumbatia mkoba. Hawezi kuinua mguu, anauliza mbona yoga ngumu. Nilikuwa namwambia, "Fungua hicho kitenge, dada. Usione aibu, sisi wote hapa ni wanawake." Akisita, namsimulia habari za Jumamosi za Ikinga, korongo na chura na mama yangu kando ya moto. Wanacheka, vitenge vinafunguka, mikoba inawekwa pembeni. Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi hata najua mahali pa kunyamaza kidogo ili wacheke.

Sasa mama mwenyewe yuko nyumbani kwangu, na komeo linalia kila siku.

Alikuwa anaoga muda mrefu. Akitoka amevaa kila kitu, mpaka kilemba, mpaka sweta, kwenye joto la mvuke. Nguo zake alifua mwenyewe, alikataa katakata nisiguse kikapu chake. Siku moja niliingia chumbani kwake bila kubisha hodi, kwa mazoea tu, nikamkuta amekaa kitandani anafunga vifungo. Akavuta shuka mpaka kidevuni. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyajua, macho ya mtu aliyekamatwa. Nikaomba radhi, nikafunga mlango, nikabaki ukumbini nimeshika kitasa. Nilijiuliza nimeona nini. Sikuwa nimeona kitu.

Nilidhani ni uzee. Nilidhani ni wokovu uliomzidi, maana huko nyuma alikuwa wa kwenda kanisani Jumapili tu, sasa anasali hata akimenya viazi. Nilidhani labda nimemkosea. Kila jibu nililojipa lilidumu siku mbili, likaanguka.

Na kulikuwa na ule mkono. Kazi yangu ni kutazama viungo, siwezi kuacha hata nikitaka. Mkono wa kushoto ulikuwa haupandi. Akianika nguo alitumia wa kulia peke yake, wa kushoto umebana ubavu. Akifunga kilemba aliinamisha kichwa kukifuata kiganja. Nikamwambia, "Mama, hilo bega nilione."

"Nimelilalia vibaya."

"Nilikande basi. Dakika tano."

"Acha."

Alisema acha kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa mbwa wa watu. Nilikasirika, nakiri. Madereva wasionijua wananiletea mabega yao kutoka Lusaka, mama yangu ananinyima lake.

Ndipo nikafanya kosa. Niliamua kwamba mama amejisahau na kazi yangu ni kumkumbusha. Nilimwalika kwenye somo la wanawake. Nilimwambia aje tu anione ninavyofundisha, asiwe na wasiwasi, atakaa kwenye kiti. Akaja amevaa gauni lake la kanisani. Wanafunzi walimpokea vizuri mno. Mmoja, mfanyabiashara anayevuka kutoka Nakonde, alipiga goti akamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," mama akacheka kidogo, akampa mkono wa kulia. Nikaona mambo yanakwenda.

Nikasimama mbele nikasema, "Kina mama, mnayemwona hapa ndiye mwalimu wangu. Zile habari zote ninazowaambia, ni za huyu. Amenilea bila aibu ya mwili hata chembe."

Walipiga makofi. Yule mama anayebadilisha fedha pale karibu na geti, mwanafunzi wangu wa siku nyingi na mwenye mdomo kuliko wote, akasema, "Eti mama, ni kweli Jumamosi mlikuwa mnakaa uchi mnacheza vyura?"

Watu wakacheka. Kicheko kilikuwa cha upendo, naapa. Mimi pia nilicheka, nikaongeza, "Mama, waonyeshe korongo."

Mama alitazama mikeka. Halafu alinitazama mimi. Akanyanyuka, akavuta kitenge chake kikamkaa vizuri mabegani, akawaambia wale wanawake, "Endeleeni salama," akatoka. Mpaka nipate viatu vyangu alikuwa ameshavuka barabara. Nilimwona akipita katikati ya malori mawili yaliyosimama, mdogo, akitembea wima, bila kugeuka.

Nilimkuta nyumbani anapanga mfuko wake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwangu."

"Nimekosa nini? Niambie basi, mbona unaninyamazia toka umekuja?"

"Unawaambia watu."

"Nawaambia nini? Nawaambia mambo mazuri! Nawaambia ulinilea vizuri!"

"Unawaambia watu nilikuwa nakaa uchi na mtoto wangu."

"Lakini si ndivyo tulivyokuwa?"

Alikuwa amekunja sketi. Akaikunjua, akaikunja tena, akaiweka juu ya kitanda. Akakaa kando yake. Alipoanza kusema, alisema Kiswahili, siyo Kindali chetu, na hilo liliniogopesha, maana Kiswahili mama anatumia na wageni.

"Tulikuwa na gauni moja moja," alisema. "Mimi moja, wewe moja. Na kitenge kimoja cha kukubebea. Miaka ile hata mwenye hela alikuwa anatafuta kitambaa dukani hapati, sembuse mimi niliyekuwa nachuma kahawa za watu mpaka Ruanda huko Mbozi. Jumapili ni kanisani. Kanisani huendi na nguo chafu, wangesema, mumewe kamkimbia na mtoto hajui kumfulia. Basi Jumamosi nafua. Ukungu unakataa kukausha, naanika juu ya moto. Hapo tunavaa nini? Ulikuwa unatetemeka, mwanangu. Ulikuwa unalia unataka kutoka kwa wenzako, unapanda dirishani. Nikasema njoo tucheze. Ukirukaruka ulikuwa unapata joto. Ukiwa chura ulikuwa huendi dirishani."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitafuta cha kusema, nikapata cha kijinga.

"Lakini ulikuwa unacheka."

"Ningelia mimi, wewe ungefanya nini?"

"Na bafuni? Mama, ulikuwa unawasalimia watu! Wewe ndiye ulikuwa unaanza!"

"Ukinyamaza mtu atachungulia, anataka kujua nani yupo. Ukimsalimia, anaitikia, anapita." Alisema hivyo kama mtu anayemweleza mtoto jinsi ya kuwasha jiko. Kisha akainamisha uso kwenye viganja vyote viwili, maana mkono wa kushoto ulipanda nusu tu, akalia bila sauti. Sikuwahi kumwona mama analia. Sikumsogelea. Sikujua kama ninaruhusiwa.

Hakuondoka. Nilimwomba, nikamwahidi kwamba mtu yeyote hatasikia tena habari zile kutoka kinywani mwangu. Ahadi hiyo nimeivunja kwa kuandika, hilo nalijua, na sijui nitajitetea vipi.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Nilikwenda darasani, akaja mgeni mpya na tabaka zake zote za nguo na mkoba wake, nikafungua kinywa nimwambie asione aibu, maneno yakagoma. Nikamwambia fanya hivyo hivyo ulivyo. Alianguka mara mbili. Yule mama wa fedha akaniuliza naumwa nini, nikasema kichwa.

Na kichwa kweli kiliuma. Nilikuwa narudi kwenye zile Jumamosi moja moja na kuzikuta zimegeuka. Nilikumbuka watu wakipiga hodi na mama akijibu kutoka ndani, "Mtoto anaumwa, njooni kesho." Mimi nilikuwa najiziba mdomo nisicheke, nikidhani hilo nalo ni kipande cha mchezo. Nilikumbuka alivyokuwa anakaa daima mgongo wake ukielekea mlango. Nilikumbuka kwamba zile hadithi za sungura alizisimulia akitazama juu, kwenye nguo, akinyoosha mkono kila mara kushika pindo kama limekauka. Yote niliyaona wakati ule. Nilikuwa nayatazama kwa macho yangu mawili, na sikuona chochote.

Halafu nilikasirika naye. Kwa nini hakuniambia nilipokuwa na miaka ishirini, kabla sijajenga maisha yangu yote juu ya kitu ambacho hakikuwepo? Halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Halafu nikajiuliza, furaha ile nayo ilikuwa nini? Mimi nilikuwa na furaha. Hakuna atakayeniambia sikuwa nayo. Inawezekanaje watu wawili wakae kando ya moto mmoja, mmoja awe na siku bora ya maisha yake na mwingine awe anahesabu saa ziishe? Asubuhi moja nilifunga pazia, nikavua nguo, nikasimama korongo, nikaona baridi. Nikavaa fulana. Siyo kwamba niliamua jambo lolote. Nilisikia baridi tu, na nikashangaa, kwa sababu ulikuwa mwezi wa joto.

Katika hali hiyo ndipo nilipoiona blauzi. Mama alikuwa ameianika mbali na nguo nyingine, kwenye kona ya uzio, ndani nje. Upepo wa malori uliiangusha nikaiokota niirudishe. Upande wa kushoto, kifuani, kulikuwa na doa la rangi ya chai lililokataa kutoka, na nyuma ya doa mama alikuwa ameshonea kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne, kwa mkono, kwa mshono mdogo mdogo nadhifu. Kipande chenyewe kilikuwa kigumu. Nilikinusa. Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na blauzi mapajani.

Halikuwa bega. Mimi mwenye jicho la viungo, nilikuwa namtazama kila siku mwezi mzima na nikasema bega.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Sikujua kuzunguka.

"Mama, ni titi."

Mkono wake ulisimama kwenye ungo. "Nani amekwambia?"

"Nguo."

Akaendelea kuchambua. Alitupa jiwe, akatupa bovu, akatupa zima.

"Naomba nione, mama."

"Hapana."

"Mimi ni mwanao. Nimetoka kwenye mwili huo huo, nimelinyonya hilo hilo."

"Nimesema hapana."

Nilipiga magoti sakafuni. Nilimwambia kwamba vitu hivi vina muda, kwamba kila siku inayopita ni siku imepotea, kwamba anaweza kufa, nililitumia neno hilo bila kulipamba. Nilimwambia sina mtu mwingine. Alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, na mwisho akasema maharage yalowekwe mapema. Usiku huo na siku nzima iliyofuata hatukusemeshana isipokuwa habari ya chumvi. Nilifikiria kuvunja lile komeo. Nasema ukweli, nilichukua bisibisi, nikasimama mbele ya mlango wa bafu huku maji yanamwagika ndani, nikairudisha kabatini.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amevaa, mkoba umo kwapani, kwapa la kulia.

"Nitakwenda hospitali," alisema. "Utanipeleka wewe, maana sipajui. Lakini usitazame."

"Sitatazama."

"Hata wakikuita."

"Hata wakiniita, mama."

Chumba tulichoingizwa kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye cha pili alilala bibi mmoja akipepewa na binti, na mlango ulikuwa unafunguliwa na kufungwa na watu waliokuwa wakiulizia faili. Pazia la katikati lilikuwepo lakini halikufika mwisho. Nesi alikuwa msichana mchangamfu, mwenye haraka bila ukali. Alimsaidia mama kukaa, akavaa glavu, akasema, "Mama, fungua blauzi. Usione aibu, sisi wote hapa ni wanawake."

Nilimwona mama akishika kifungo cha kwanza, hakifungui. Alikuwa anatazama ile nafasi iliyobaki kati ya pazia na ukuta.

Chini ya kitenge nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kazi. Nikafungua kitenge changu kiunoni, nikakishika ncha mbili, nikakiinua mbele ya mama juu kadiri mikono ilivyofika, kikaziba ile nafasi yote, yeye na nesi wakabaki upande wa pili. Uso nikaugeuzia ukutani. Palikuwa na bango la kunawa mikono. Nililisoma toka juu hadi chini. Nilisikia kifungo, kikafuata kingine. Nilisikia kile kipande kilichoshonewa kikibanduka kwenye ngozi, na mama akivuta pumzi kwa meno.

Nesi alipoongea tena haraka yote ilikuwa imemtoka.

"Mama, hiki kimeanza lini?"

"Tulipokuwa tunachuma kahawa."

"Kahawa ya mwaka huu?"

"Ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Kitu kama mkasi kiligonga bakuli. "Mama yangu, na muda wote huo hukumwambia mtu? Hata huyu mwanao hukumwambia?"

Mlango ulifunguliwa, mtu akaulizia faili, mlango ukafungwa.

"Angetaka kuona," alisema.

Nesi aliloweka pamba nyingine. Mikono ilikuwa imeanza kuchoka, nikaendelea kushika kitenge.